Mume wangu anataka akiba yangu iingie kwenye nyumba ya marehemu baba yake

Mama mshauri, shikamoo na assalaam alaikum.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, mwenye umri wa miaka 41. Huu ni mwaka wangu wa 14 hapa Bordeaux, Ufaransa. Mume wangu ni Mfaransa. Alisilimu kabla hatujafunga ndoa, na hakusilimu kwa ajili ya cheti: anasali, anafunga, na tangu nimjue hajaonja tone la kileo. Tuna watoto wawili. Mimi ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, zamu za usiku.

Baba mkwe wangu alifariki Novemba iliyopita. Alikuwa mkulima wa mizabibu huko wanakokuita Entre-deux-Mers, kati ya mito Garonne na Dordogne. Maana yake ni "kati ya bahari mbili", kwa kuwa maji ya mito ile hupanda na kushuka na bahari. Siku ya kwanza mzee aliponipeleka ukingoni nikaona mto unarudi nyuma, nilicheka nikamwambia, "Baba, kumbe huku nako kuna kujaa na kupwa!" Tangu siku hiyo akawa ananiita binti wa bahari ya tatu. Miezi saba ya mwisho ya maradhi yake nilikuwa nikimwogesha mimi.

Nyumba yake ni ya mawe ya manjano, ndefu, haina ghorofa, ya karne ya 18. Ina vyumba sita vya kulala, mnara wa njiwa, na hekta nne za mizabibu ambazo mzee alimkodisha jirani alipostaafu. Kiangazi cha miaka mitatu iliyopita tulikuwa tukiwapangisha watalii upande mmoja ili mzee apate pesa za kutengeneza paa. Jumamosi wageni wanatoka saa nne asubuhi, na wengine wanaingia saa kumi jioni. Mimi nilikuwa natoka zamu alfajiri, naendesha gari dakika arobaini, nafua shuka, nasafisha bafu, natandika, halafu ndipo narudi kulala.

Sasa warithi ni watatu: mume wangu, shemeji yangu na wifi yangu. Wifi anataka nyumba iuzwe. Wakala ameikadiria euro 750,000 pamoja na shamba. Shemeji hajasema hili wala lile. Mume wangu hataki hata kusikia neno kuuza. Anataka iwe nyumba ya likizo ya kifahari: bwawa la maji ya moto, jiko jipya, kila chumba na bafu lake. Anasema watu wa London na Paris watalipa euro 4,500 kwa wiki. Fundi amekadiria matengenezo kuwa euro 180,000. Benki itatoa sehemu, na sehemu nyingine, Mama, ni euro 60,000 zangu.

Hizo 60,000 nimeziweka kwa miaka 11, usiku kwa usiku. Ni za nyumba ya mama yangu. Kiwanja tulishanunua Bamburi, kuta zimesimama, tangu 2022 jengo limefika kwenye lenta na hapo limekwama. Mama bado yuko Likoni, magoti yanamuuma, na kila akienda kliniki mjini inabidi avuke feri na kusimama kwenye msongamano ule. Hajawahi kuniuliza "lini?" Ndiyo inayoniumiza.

Halafu kuna dini. Sisi tumefundishwa kwamba katika pombe hakulaaniwa mnywaji peke yake, bali hata anayeikamua na anayeibeba. Mume wangu ananiambia hatutauza mvinyo, tutapangisha vyumba. Lakini katika tangazo alilolitunga ameandika "glasi ya mvinyo mbele ya mizabibu jua likizama". Wageni wanakuja kwa ajili ya nini kama si hiyo? Rafiki yangu kwenye kundi la WhatsApp amesema kila senti itakayotoka pale ni haramu. Nimekosa usingizi.

Wiki iliyopita tuligombana. Aliniambia, "Huijali nyumba ya baba yangu." Nikamjibu, "Na wewe huijali ya mama yangu." Tangu hapo tunasalimiana tu kama wapangaji. Notari anayeshughulikia mirathi anataka majibu kabla ya Mei. Nikikubali, nimemwacha mama juani. Nikikataa, nimemnyang'anya mume wangu nyumba aliyozaliwa. Nifanyeje?

Binti wa Likoni, Bordeaux

JIBU

Mwanangu, marahaba. Wa alaikum salaam.

Pole kwanza. Pole ya msiba. Umeniandikia kurasa nzima kuhusu nyumba, na katikati yake umepenyeza kwamba ulimwogesha mzee kwa miezi saba, kana kwamba ni jambo la kupita. Si la kupita. Kwetu pwani watu wangekuja, wangekaa na wewe kwenye jamvi, mngesoma hitima, mtu angekupikia. Huko maziko huisha mchana mmoja, na kesho yake zinaanza karatasi. Je, kuna yeyote aliyekupa wewe pole, au pole zote alipewa mume wako na nduguze? Nauliza kwa sababu naona nyumbani mwenu kuna wafiwa wawili wanaogombana kuhusu bwawa la kuogelea.

Ngoja nikurudishie shida yako nilivyoielewa. Mume wako amerithi theluthi ya nyumba na anataka kuibakiza kwa kuigeuza ya kifahari. Kwa hilo anahitaji akiba yako, ambayo tayari ina mwenyewe, naye ni mama yako. Dini inakuzuia, ndoa inakusukuma, na tarehe ya Mei inakufukuza. Ukiyabeba yote kwa mpigo, hakuna mgongo utakaostahimili. Basi tuyashushe, tutazame kila mzigo peke yake.

Tuanze na Mei. Sheria ya Ufaransa inawapa warithi miezi sita tangu kifo, kama marehemu amefia nchini, kuwasilisha taarifa ya mirathi na kulipa ushuru wake. Kila mtoto anasamehewa euro 100,000 za kwanza katika anachopata kwa mzazi. Kama nyumba na shamba ndiyo mali yote, fungu la mume wako ni 250,000, na ushuru wake ni karibu euro 28,000. Mtu akishindwa kulipa kwa mara moja anaweza kuomba alipe kwa awamu. Hicho ndicho kinachotakiwa Mei. Bwawa halitakiwi Mei, jiko jipya halitakiwi Mei. Umeandika kana kwamba siku hiyo hiyo lazima uamue hatima ya mama yako. Nani aliyekuambia hivyo? Notari, au hofu?

Warithi wakishalipa ushuru wanaweza kuendelea kuimiliki nyumba kwa pamoja, ila kuna sharti moja ambalo mume wako analijua bila shaka: hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki katika umiliki wa pamoja. Wifi yako anaweza kudai fungu lake mwaka huu, au mwaka ujao wakati bwawa limeshachimbwa. Hapo ndipo hesabu ya mume wako inaponitia wasiwasi. Ametaja 180,000 za fundi. Hakutaja 250,000 za dada yake, wala 250,000 za kaka yake akiamua naye kutoka, wala ushuru wa kugawana mali ambao ni asilimia 2.5. Na kama nduguze watabaki ndani, basi zile 60,000 zako zinatengeneza nyumba ya watu watatu, na wewe si mmoja wao.

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Usiingie katikati ya wale watatu. Lakini unaweza kumwomba mume wako jambo dogo: amuulize dada yake kwa nini anataka kuuza, na asikilize mpaka mwisho. Huenda ana deni. Huenda nyumba ile inamkumbusha mambo ambayo kaka yake hayakumbuki. Umemtaja wifi mara moja tu, kama ukuta uliosimama njiani, na mimi nashuku kwamba yeye ndiye mtu wa pili baada yako anayeogopa kusema.

Sasa pesa zako. Kwa desturi ya sheria ya huko, kitu alichorithi mwanandoa ni chake peke yake, hata kama wameoana kwa mali ya pamoja. Fedha za pamoja zikitumika kukitengeneza, kuna haki ya kudai fidia siku ya hesabu, yaani siku ya talaka au kifo. Kama zilikuwa zako binafsi, njia ya kudai ni nyingine. Na ni sheria gani hasa inayotawala mali yenu inategemea mlifunga ndoa wapi, mwaka gani, na makazi yenu ya kwanza yalikuwa wapi. Siwezi kukuambia kutoka hapa nilipo, wala shoga yako hawezi. Nenda kwa notari mwingine, si yule wa familia ya mume wako, ukiwa na cheti chako cha ndoa na taarifa zako za benki. Muulize swali moja: nikitoa 60,000, nitashika karatasi gani mkononi? Kwenda kuuliza hakumaanishi humwamini mumeo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linamlinda na yeye pia, maana shukrani isiyoandikwa hugeuka lawama.

Kuhusu biashara yenyewe, simkatishi tamaa mume wako. Wapo watu wanaoishi vizuri kwa nyumba kama hiyo. Lakini 4,500 kwa wiki si 4,500 mfukoni. Kiangazi ni kifupi. Zikijaa wiki 14 zote, ni 63,000, na hizo hazijakatwa kodi, bima, kamisheni ya mtandao wa kupangisha, umeme wa kupasha bwawa, mtunza bustani, na mkopo. Bwawa lazima liwe na kinga ya watoto, uzio au kengele au kifuniko, tangu sheria ya 2003. Sheria ya Novemba 2024 imebana wapangishaji wa watalii kwa usajili na kwa kupunguza nafuu ya kodi. Kama kuna kanisa la kale lililosajiliwa ndani ya mita 500, na eneo lile limejaa makanisa ya kale, msanifu wa serikali atakuwa na neno kwenye kila dirisha. Mkoa wenu wa Gironde una machimbo mengi ya zamani ya mawe chini ya ardhi, kwa hiyo kabla ya kuchimba bwawa ni lazima mjue kilicho chini. Na shimo la maji taka lililomtosha mzee mmoja, je, litawatosha wageni 12?

Kitu kingine hakimo katika tangazo la mume wako. Wageni wa kifahari hulipia mandhari. Mizabibu ile hupigwa dawa ya ukungu kuanzia majira ya kuchipua mpaka katikati ya kiangazi, na trekta huanza alfajiri, wakati mgeni wa 4,500 amelala. Isitoshe, kilimo chenyewe kimeyumba. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko zamani, na mwaka 2023 ulitangazwa mpango wa kuwalipa wakulima wa Gironde euro 6,000 kwa hekta wang'oe mizabibu, hekta 9,500 hivi. Yule jirani aliyekodi hekta zenu nne ana hali gani? Akiacha, hekta nne za mizabibu zitageuka kichaka mbele ya bwawa, nani atazilima? Na kama hataki kuacha, mkataba wa kukodi shamba huko ni wa miaka tisa kwa uchache, hujirudia wenyewe, na mwenye shamba mpya huurithi. Mumeo aende akanywe naye kahawa kabla ya kukaa na benki.

Nimefika kwenye dini, na hapa nakwenda taratibu, kwa kuwa mimi si shehe. Hofu yako naiheshimu. Mafundisho uliyoyataja ni mazito na hayakutungwa na rafiki yako wa WhatsApp. Lakini umeyachanganya mambo matatu: kodi ya shamba inayolipwa na mkulima wa mizabibu, kodi ya chumba inayolipwa na mgeni, na tangazo linalomwalika mgeni aje anywe. Mwenye elimu anaweza kutoa jibu tofauti kwa kila moja. La kwanza lilikuwepo kabla hujafika, na ni la warithi wote watatu. La tatu linafutika kwa kalamu leo hii. Mtafute mwanachuoni unayemwamini, mpelekee picha kamili, na mume wako awepo, kwa sababu hili ni lake pia. Yeye ni mtoto wa mkulima wa mvinyo aliyeacha kileo kwa hiari yake. Sidhani kama amelala usingizi mzuri kuliko wewe. Huyo mwanachuoni muulizeni pia kuhusu mkopo wa riba, msije mkafunga dirisha mkaacha mlango wazi. Na wageni si lazima wawe wa mvinyo: kuna familia za Kiislamu Uingereza na Ghuba zinazotafuta hasa nyumba yenye bwawa lisiloonekana na jirani. Ni soko dogo, na si rahisi kulipata kutoka kijijini.

Ila nina swali nawe, nataka ulijibu ukiwa peke yako. Kama shehe atakuambia kesho kwamba hakuna ubaya wowote, utazitoa zile 60,000 kwa moyo mweupe? Kama jibu ni ndiyo, basi shida yako kweli ni ya dini na njia yake unaijua. Kama moyo bado unagoma, huenda dini umeibebesha neno "hapana" ambalo ni lako wewe, na ambalo una haki ya kulisema kwa jina lako.

Nasema hivi kwa sababu niliisoma barua yako nikihesabu mikono. Shuka unafua wewe. Bafu unasafisha wewe, ukiwa umetoka zamu ya usiku. Katika mpango huu mpya wa vyumba sita na mabafu sita, sijaona mahali palipoandikwa nani atafua Jumamosi. Mume wako amelifikiria? Umemwambia ulivyokuwa unachoka, au ulinyamaza kwa sababu ya kumpenda mzee? Mzee hayupo sasa. Mapenzi yaliyokufanya uendeshe gari dakika arobaini hukuwa nayo kwa nyumba, ulikuwa nayo kwake.

Na Bamburi. Hapa nakubishia kidogo, usinikasirikie. Umeandika kana kwamba ni moja kati ya mawili, ama paa la mama ama nyumba ya mzee. Lakini hukunitajia paa la mama linagharimu kiasi gani. Euro 60,000 ni zaidi ya shilingi milioni 8 za Kenya. Jengo lililofika lenta linahitaji mbao, mabati, milango, plasta, maji na umeme. Huenda zote zinahitajika, kama nyumba ni kubwa. Huenda nusu inatosha. Mpigie fundi, mwambie akuandikie makadirio chumba kwa chumba ya kumfanya mama ahamie, si ya kumaliza kila kitu. Ukiwa na tarakimu hiyo mkononi, mazungumzo na mume wako yatakuwa mengine. Inawezekana mkaezeka kwa mama kwanza, kilichobaki ndicho kikazungumzwa. Inawezekana pia mkiezeka kisibaki kitu, na mume wako atalazimika kuitazama hesabu yake bila wewe.

Njia zipo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Mkiwauzia wengine, mume wako anabaki na fedha nzuri baada ya ushuru, na pia na jeraha ambalo huenda akalihesabu kwako hata kama aliyetaka kuuza ni dada yake. Mkiendelea kama zamani kwa mwaka mmoja, bila bwawa, kupangisha upande mmoja tu na kumlipa mtu wa kijijini afue Jumamosi, mnapata muda wa kuomboleza na kujua kama nduguze wana subira. Faida itakuwa ndogo, na paa la kale halingoji. Ukitoa sehemu kwa maandishi, unakuwa mshirika. Ukikataa kabisa, mume wako anaweza kukopa zaidi peke yake, na deni la mume hukaa nanyi mezani wakati wa chakula.

Ile siku mliyogombana, mlisema kitu kimoja nyote wawili. Yeye alisema baba yangu, wewe ukasema mama yangu. Mimi sikusikia ubaya pale. Nilisikia watoto wawili wa watu wanaojaribu kuwa watoto wema. Mwambie hivyo. Na kabla ya kurudi kwenye tarakimu, mchukue na watoto mwende ukingoni pale mzee alipokupeleka, maji yakiwa yanapanda, bila karatasi yoyote. Wasimulie watoto kuhusu binti wa bahari ya tatu. Pengine baba yao hajawahi kuisikia hadithi hiyo kutoka kwako.

Niandikie fundi wa Bamburi akishakujibu. Na ukimpigia mama, mpe salamu zangu, umwambie magoti ayakande kwa mafuta ya moto usiku.